Motokaa Uani kwa Mama Mkwe

Tuliachana pale jogoo wa watu alipokuwa akitembea juu ya motokaa ya Bwana Obeid, na rangi bado mbichi.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hajalisoma, habari ni fupi. Bwana Obeid, mwenye shamba la pamba ng'ambo kule Mkunumbi, aliagiza motokaa. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya vita vya Mjarumani, na kwetu Lamu, au Amu kama tuiitavyo wenyewe, hakuna aliyekuwa ameiona motokaa kwa macho yake. Sanduku lake likaponyoka kwenye kamba lilipokuwa likishushwa melini, likakaa baharini mpaka maji yalipotoka kwa kupwa. Rangi ikaanza kuchubuka kama ngozi ya mtu aliyetoka kuugua surua.

Mimi Jeilani, mpaka rangi wa milango na mashua, nikasema barazani mbele ya watu kwamba motokaa nimezipaka Bombay hata nikachoka. Ulikuwa uongo. Sikuwahi hata kuigusa.

Basi nikaipaka kwa brashi, ufukweni, chini ya kibanda cha makuti. Upepo ukaleta mchanga. Nzi wakaja wenyewe. Halafu akaja jogoo.

Bwana Obeid aliizunguka motokaa yake mara mbili, fimbo mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na watu wa mji mzima walikuwa wakisimama akipita.

"Fundi," akasema mwishowe. "Hii ni motokaa au mkate wa ufuta?"

"Ni upepo, Bwana."

"Bombay hakuna upepo?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Mlango wa toba ulikuwa wazi, na mimi nimesimama kizingitini. Nikaufunga kwa teke.

"Bombay tulikuwa na chumba, Bwana. Chumba maalumu cha kupakia rangi. Hakiingii vumbi, hakiingii nzi, wala rangi hatuipaki kwa brashi. Tunaipuliza."

"Mnaipuliza kwa midomo?"

"Kwa bomba, Bwana."

Akachomeka fimbo mchangani. "Basi jenga chumba. Nakupa siku kumi. Siku ya kumi na moja nakuja na wachukuzi kuichukua. Nikiona punje moja ya mchanga, utaibandua rangi hiyo kwa ulimi."

Habari ya chumba na bomba niliwahi kuisikia melini, kwa baharia mmoja aliyekuwa mwongo kunishinda. Sasa ikabidi niombe Mungu kwamba siku ile alisema kweli.

Chumba nikijenge wapi? Ufukweni haiwezekani. Palikuwa na mahali pamoja tu penye nafasi na penye kiambaza pande zote nne, napo ni uani kwa mama mkwe wangu.

Nyumba yenyewe haikuwa yangu hata kwa msumari. Mnajua desturi yetu: nyumba ni ya mwanamke, na mume huhamia na sanduku lake la nguo. Bi Mwanatumu, mama yake mke wangu, alinipokea na sanduku langu miaka minane nyuma, na kwa miaka yote minane sikumwona akitabasamu. Bahati yangu, wiki ile alikuwa amesafiri kwenda Ndau kwa mpwa wake Swafiya aliyejifungua. Alisema atakaa naye mpaka siku arubaini zitimie.

Siku arubaini! Motokaa ingeingia, ingepakwa, ingetoka, na nani angejua?

Tatizo lilikuwa moja. Motokaa ilikuwa na upana wa karibu pima moja. Mlango wa nyumba, wanawake wawili wenye mabuibui hawakuweza kupita pamoja.

Nikamwendea mke wangu, Mahfudha, jikoni.

"Mke wangu, kile kiambaza cha uani, cha upande wa pwani..."

"Una nini nacho?"

"Nataka kukivunja kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha motokaa."

Mahfudha akaweka mwiko chini. Akanitazama, akatazama dari, akahesabu kitu kwa vidole. Nadhani alikuwa akihesabu siku za mamake. Kisha akafuta mikono, akapanda kitandani saa nne ya asubuhi, akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Mimi nimelala," akasema kutoka ndani ya shuka. "Mtu aliyelala hasikii kitu."

Ndiyo sababu nilimpenda mwanamke yule.

Nikavunja. Kiambaza cha matumbawe na chokaa, alichokijenga babu yake Bi Mwanatumu, kilichukua mchana kutwa na sururu mbili. Kesho yake wachukuzi wanane wakaisukuma motokaa juu ya mbao mpaka uani. Banda la kuku likabidi liondoke. Mpapai nao ukabidi uondoke. Kamba ya kuanikia nguo ilikatika yenyewe, hiyo msinitwike.

Halafu nikaanza chumba. Nikachimbia boriti sita. Juu nikatandika tanga kuukuu nililolichukua Matondoni kwa mafundi wa mashua, limejaa viraka lakini halipitishi hata mwanga. Kwa pande zote nikataka majamvi, nikaenda Kipungani.

"Majamvi thelathini?" akauliza bibi mmoja aliyekuwa akisuka. "Pole, mwanangu. Nani amekufa?"

"Bado hajafa, bibi."

"Basi muombeeni."

"Tunamwombea," nikasema, nikijua ni mimi.

Nikashona majamvi ukingo kwa ukingo. Sakafu nikaimwagia maji asubuhi na jioni mpaka ikawa tope gumu lisilotoa vumbi. Upande wa pwani nikaacha tundu kubwa, nikalifunika kwa shashi, kitambaa chepesi kilicholoweshwa, ili upepo uingie na vumbi libaki nje. Upande wa pili nikaacha tundu jingine la kutolea harufu ya rangi. Nikasimama katikati, nikasikiliza. Hakuna nzi. Hakuna jogoo. Palikuwa na utulivu wa msikiti saa tatu ya asubuhi.

Wallahi, kilikuwa chumba kizuri. Nimedanganya mengi maishani mwangu, lakini chumba kile hakikuwa uongo.

Bomba nililipata shambani kwa Bwana Obeid mwenyewe. Lilikuwa la kupulizia pamba dawa ya wadudu: pipa la shaba, mpini wa kupampu, mpira mrefu, na mdomo mwembamba mbele. Sikujua dawa ile ilikuwa ya aina gani, nikaliosha mara saba, moja kwa udongo, kama chombo kilichorambwa na mbwa.

Rangi ya zamani yenye mchanga nikaikwangua mpaka bati. Rangi mpya nikaizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Nikaichuja kwa kitambaa laini nilichokikuta sandukuni. Kilikuwa mtandio wa hariri wa harusi ya Mahfudha. Hilo nalikiri leo kwa mara ya kwanza, na kama anasoma, basi ameshajua.

Bomba lilitaka watu wawili: mmoja ndani ashike mdomo, mmoja nje apampu. Nikatafuta mtu. Waliokuwa wameona motokaa ya jogoo wote walikuwa na shughuli.

"Ndoo twende, nitapampu mimi," akasema Mahfudha.

"Wewe si umelala?"

"Nimeota napampu."

Akakaa nje ya majamvi, buibui amelikunja kiunoni, mpini mkononi. Mimi nikaingia, nikajifunga kitambaa puani, nikafunga mlango wa jamvi nyuma yangu.

"Pampu!"

Mpira ukakohoa, ukatema maji ya udongo, ukanyamaza. Kisha kwa ghafla ukatoa moshi wa kijani. Si matone, ni moshi! Nikaujaribu kwanza kwenye mtungi wa maji wa mama mkwe uliokuwa pembeni. Kufumba na kufumbua mtungi ukawa wa kijani, laini kama ganda la yai.

"Mahfudha! Inapuliza!"

"Alhamdulillahi! Niache au niendelee?"

"Endelea!"

Nikaanza na mlango wa kushoto. Mkono wangu ulikwenda na kurudi, na kila ulipopita kutu ilitoweka. Nikasahau Bwana Obeid. Nikasahau uongo wangu. Kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze nilikuwa nikifanya kazi kama mtu anayeijua.

Hapo Umi, jirani yetu wa nyuma, akaamua kunyonyoa kuku.

Alikuwa na karamu ya maulidi kesho yake, na kuku walikuwa kumi na wanane. Upepo ukageuka. Unyoya mmoja mweupe ukaingia kwa tundu la kutolea harufu, ukaelea taratibu mbele ya pua yangu, ukashuka kuelekea boneti. Nikauwahi hewani kwa kofia. Ukaja wa pili. Ukaja wa tatu.

Nikafikiri haraka. Nikachukua godoro la sufi lililokuwa limekunjwa pale pembeni kwa mtungi, nikaziba tundu nalo. Manyoya yakakoma.

Tapentaini haikuwa na pa kutokea tena, lakini hilo sikulifikiria.

"Pampu!" nikasema.

Baada ya muda nikaona motokaa ina taa nne. Nikashangaa, maana nilipoanza zilikuwa mbili. Nikaamua kuzipaka zote, asije Bwana Obeid akalalamika.

Kisha nikaanza kucheka. Sikumbuki nilichekea nini. Nakumbuka tu kwamba motokaa nayo ilikuwa ikicheka, na meno yake ni yale mabati ya mbele. Nikaiimbia. Mahfudha anasema niliimba wimbo wa harusi, ule wa kumtoa bibi harusi nje, na kwamba sauti yangu ilifika sokoni.

"Bwana!" akaita. "Una nini?"

"Nina motokaa mbili!" nikamjibu.

Maalim Hashim alikuwa akipita kwenda kusalisha adhuhuri. Ni mzee mwenye haya na kanzu nyeupe isiyo na doa, na ndiye aliyenifundisha Kurani. Akasimama kwenye pengo la kiambaza, akanusa.

"Mahfudha, binti yangu, kuna nini humo ndani?"

"Rangi, Maalim."

"Rangi haiimbi."

Watu waliokuwa wakienda msikitini wakaanza kusimama nyuma yake. Mmoja akasema harufu ile anaijua, ni ya tembo kali la mnazi. Mwingine akasema si tembo, ni kile kinywaji cha mabaharia Wazungu. Wa tatu akasema kumbe ndiyo maana nimefunga majamvi pande zote, napika pombe uani kwa mama mkwe. Kufika kwa wa nne nilikuwa nimeuza mapipa saba.

"Jeilani!" Maalim akaita. "Toka nje, mwanangu. Toka kwa wema."

Nikatoka, lakini si kwa mlango. Sikuuona mlango. Nikatoka kwa katikati ya jamvi, kijani utosini mpaka vidoleni, ndevu kijani, na mdomo wa bomba bado mkononi unatoa moshi kwa sababu Mahfudha, maskini, kwa hofu aliendelea kupampu.

Nikamwona Maalim wangu. Moyo ukanijaa mapenzi. Nikamkumbatia.

Alipojitoa, umbo langu lote lilikuwa limebaki kwenye kanzu yake, mpaka vifungo.

"Umelewa!" akasema, akiishika kanzu kwa vidole viwili.

"Sikulewa, Maalim! Leo ndiyo mara ya kwanza niko timamu!" Nikawageukia watu. "Nisikizeni, enyi watu wa Amu! Mimi Bombay sikupaka motokaa! Sikupaka hata baiskeli! Nilikuwa jikoni melini, nikimenya vitunguu miezi tisa! Bombay yenyewe niliiona kwa tundu la meli, na siku ile ilikuwa mvua!"

Nikasikia mpini wa bomba ukisimama.

Nikageuka kumtazama Mahfudha, nikitaka kumwambia kitu, na ardhi ikapanda ikanipiga usoni.

Nilipofungua macho nilikuwa kitandani, na kinywa kina ladha ya shaba. Mahfudha alikuwa ameketi karibu na bakuli la maziwa na ndimu. Viganja vyake alivifunga vitambaa. Vilikuwa vimetoka malengelenge kwa kupampu.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Tatu. Ulitapika kijani."

Akaninywesha maziwa. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Vitunguu?" akasema.

"Vitunguu."

"Miezi tisa?"

"Tisa."

"Na yule simba wa mfalme, aliyekula kutoka mkononi mwako?"

Hadithi ya simba nilimsimulia siku ya saba ya harusi yetu. Alikuwa akinitaka niirudie kila mara umeme na radi zikipiga, kwa sababu anaogopa radi.

"Nilisimuliwa na mpishi," nikasema.

Mahfudha akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu dukani. Akafuta maziwa ndevuni mwangu. "Nilimpenda sana simba yule," akasema, akainuka akachukua bakuli akatoka.

Nikalala pale nikitazama boriti za dari. Watu wote wa mji kunicheka lilikuwa jambo la wiki mbili tatu. Hili sikujua litachukua muda gani.

Kisha nikakumbuka motokaa, nikajikongoja mpaka uani.

Majamvi yalikuwa yameondolewa. Motokaa ilikuwa imesimama peke yake juani, na naapa sijawahi kuona kitu kama kile. Kijani kilikuwa kimetulia kama maji ya kisima. Niliinama kwenye mlango nikaona meno yangu. Hapakuwa na punje wala unyoya, hata unywele wa paka haukuwepo. Nilikuwa nimeipaka nikiwa sijijui, na ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizofanya nikijijua.

Nikalia. Sioni haya kulisema.

Nilipofuta machozi nikatazama nyuma ya motokaa, mahali nilipoacha pengo la kuitolea.

Hapakuwa na pengo.

Palikuwa na kiambaza kipya, cheupe, kirefu kuliko cha mwanzo, na chokaa bado inanuka.

"Umeamka," ikasema sauti.

Bi Mwanatumu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba karibu na mtungi wake wa kijani, tasbihi mkononi. Alikuwa amegombana kule Ndau na mama wa mume wa Swafiya, kisa uji wa mzazi, akapanda mashua ya kwanza iliyopita. Alifika siku ya pili ya ugonjwa wangu. Mashua ilipokaribia pwani aliona jiko lake kutoka baharini.

"Mama..." nikaanza.

"Mwashi nimemwita mimi. Alimaliza yana."

"Lakini mama, motokaa iko ndani!"

"Nimeiona. Mato ninayo."

"Mahfudha hakukwambia kwamba itatoka?"

"Alinambia. Nikamwambia mwashi aongeze mawe." Akavuta punje ya tasbihi. "Sasa nisikize, Jeilani. Kiambaza hiki alikijenga babu yangu, ukakivunda nimepa kisogo. Hiki nimekijenga mimi. Likitoka jiwe moya, na wewe utatoka."

"Leo ni siku ya ngapi tangu nipewe kazi hii?" nikauliza.

"Mahfudha asema ulipewa siku kumi?" akasema Bi Mwanatumu. "Basi yeo ni ya kumi na moya."

Hodi ikapigwa dakani, pale mlangoni.

Bwana Obeid aliingia na wachukuzi wanane, sururu nne na punda mmoja wa kubebea kamba. Bi Mwanatumu alivuta buibui lake akajistiri. Nilidhani ataingia ndani kama afanyavyo mwanamke wa heshima wakija wanaume. Badala yake akafungua mlango wa motokaa, akapanda, akaketi kiti cha nyuma, akaufunga.

Bwana Obeid alinipita kama nguzo. "Habari za vitunguu nimezisikia," akasema bila kunitazama. Kisha akaiona motokaa, akasimama. Akapitisha kidole kwenye boneti. Akakinusa kidole. Nilimwona anatafuta punje ya mchanga kwa bidii, na anakosa.

"Nani huyu ameketi ndani ya motokaa yangu?"

"Mwenye kiambaza," akajibu Bi Mwanatumu. "Na wewe u nani?"

Mji mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Mimi ni Obeid!"

"Ah. Obeid. Babako akiuza mtele wenye mawe."

Mchukuzi mmoja akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Bwana Obeid akagonga fimbo chini.

"Nataka motokaa yangu."

"Itwae. Ndia ni ile." Akaonyesha mlango mwembamba wa nyumba.

"Vunjeni ukuta!" Bwana Obeid akawaambia watu wake.

Sururu zikainuliwa. Bi Mwanatumu akainama mbele, akashika ule mpira wa honi kando ya usukani, akaubinya kwa mikono miwili.

Sauti ile hamjapata kuisikia ndani ya kuta nne. Wachukuzi wakatupa sururu. Mmoja akapiga shahada. Punda akakata kamba, akaingia ndani ya nyumba, na tukasikia vyombo vya jikoni vikianguka kimoja kimoja, na Mahfudha akipiga kelele akitoka mbio.

"Apigae kiambaza hiki nitamsimamisha mbele ya kadhi," akasema Bi Mwanatumu kulipotulia. "Nyumba ni yangu, hati ninayo, na mashahidi wako hai. Haya, pigani!"

Hakuna aliyepiga.

Bwana Obeid alisimama katikati ya ua, fimbo mkononi, uso mwekundu kama hina ya ndevu zake. Nilingoja apasuke. Akaanza kutikisika tumbo, na kwa mshangao wangu nikaona ni kicheko. Alicheka mpaka akakaa juu ya kisiki cha mpapai niliokata.

"Bi Mwanatumu," akasema akifuta macho. "Mume wako amefariki mwaka gani?"

"Miaka kumi na moya sasa."

"Mimi mke wangu ana miaka minne tangu afariki. Na kwa miaka minne sijaambiwa neno na mtu ila 'ndiyo, Bwana'."

Mahfudha, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akanifinya mkono.

"Unaniposa?" akauliza Bi Mwanatumu.

"Nakuposa. Kakako nitamwendea jioni."

"Mbele ya wachukuzi?"

"Mbele ya wachukuzi. Na punda, akirudi."

Wachukuzi wote wakatazama miguu yao. Mkono wa Bi Mwanatumu ukatoka ndani ya buibui, ukapita polepole juu ya mlango wa kijani, kwenda na kurudi, kama nilivyoupitisha mimi. Nikaona, kwa uwazi mdogo wa buibui lile, kitu ambacho sikukiona kwa miaka minane. Alikuwa anatabasamu.

"Mahari yangu ni hii," akasema.

"Motokaa?"

"Motokaa. Na kila Ijumaa, maji yakitoka, utanipeleka nayo pwani kwa pwani mpaka Shela, watu waone."

"Na ukuta?"

"Hapo nitakivunda mwenyewe kwa mkono wangu."

Nusura niruke kwa furaha. Kazi imekubaliwa, motokaa itatoka, ukuta utavunjwa na mwenyewe, na mimi nabaki mkwe wa tajiri! Nikaanza kufikiri nitasema nini barazani.

"Nimekubali," akasema Bwana Obeid, akasimama, akakung'uta kanzu. "Nina sharti moja tu."

"Sema."

Akanyoosha fimbo mpaka ncha yake ikagusa kifua changu.

"Mimi sikai nyumba moja na mwongo. Huyu mmenya vitunguu atoke kabla sijaingia. Atoke leo, na sanduku lake."

Nilimtazama Bi Mwanatumu. Nilikuwa tayari kupiga magoti juu ya lile tope. Yeye hakunitazama hata kidogo. Alikuwa akijiangalia kwenye kioo cha motokaa, akiweka sawa buibui lake.

"Hilo tu?" akasema.

Nikageuka kumtafuta mke wangu. Alikuwa bado nyuma yangu, mkono wake wenye vitambaa bado umeshika wangu. Nikasema, "Mahfudha," na mkono ukaniachia.